Dino Zoff: huduma ya miaka 22 golini, tunaipa nyota ngapi?

Ukimpima Zoff, kipa wa Italia, kama unavyopima huduma ya kulipia, kinachokuja kwanza ni uhakika. Juventus ilimchukua kutoka Napoli mwaka 1972 akiwa na miaka 30, umri ambao wengine huanza kuonekana wamechakaa. Akadumu hadi 1983: mataji 6 ya ligi. Mechi zake 332 mfululizo za Serie A (ligi kuu ya Italia) zinatosha kueleza mengine.

Madoido hana. Anasimama mahali sahihi kwanza. Kuruka ni mpango wa pili. Tazama Barcelona, 5 Julai 1982: Italia 3, Brazil 2, dakika za mwisho, Oscar anapiga kichwa. Zoff anaanguka na kuugandamiza mpira palepale kwenye mstari. Angeutema kidogo tu, goli. Alikuwa na miaka 40, na siku 6 baadaye akabeba Kombe la Dunia akiwa nahodha.

Kasoro ni mashuti ya mbali. Kombe la Dunia 1978 Haan wa Uholanzi alimfunga hivyo, kisha Nelinho na Dirceu wa Brazil. Fainali ya vilabu vya Ulaya 1983, Magath wa Hamburg naye.

Kama kocha aliipa Juventus Coppa Italia na Kombe la UEFA mwaka 1990, na bado wakaachana naye (ajabu!). Fainali ya Euro 2000 akiwa kocha wa Italia, Wiltord wa Ufaransa alisawazisha dakika za majeruhi, Trezeguet akamaliza kwa goli la dhahabu (goli la muda wa ziada linalomaliza mechi papo hapo). Berlusconi, mwanasiasa na mmiliki wa AC Milan wakati huo, akamkosoa hadharani, Zoff akajiuzulu.

Golini nyota 5. Benchi 4.