Vortex Diamondback HD 10x42 kwenye mbuga za Moyowosi: inunuliwe, lakini isishikwe mkononi

Ndani ya miombo ya Tabora darubini ya kukuza mara 10 ni mzigo tu. Mnyama anatokea mita 60, miti imebanana, na unachokiona vizuri ni gome la mninga badala ya korongo (swala mkubwa, si ndege) aliyesimama nyuma yake. Huko 8x42, inayokuza mara 8, inatosha na chenji inabaki. Mambo yanageuka miti inapokwisha na mbuga za Moyowosi, upande wa Kigoma, zinapofunguka: nyasi fupi zilizoungua na kuchipua upya, vichuguu, ukingo wa matete, na nyamera (topi) walio kilomita moja na nusu ambao wameshakuona tangu uliposhuka kwenye gari. Hapo ndipo Diamondback, darubini hii ya macho mawili, inapolipa.

Takwimu zake kwanza. Lenzi za mbele zina kipenyo cha milimita 42, uzito ni gramu 600 na kidogo, na upana wa picha ni mita 110 kwa umbali wa mita 1,000. Ndani imejazwa gesi ya agoni, kwa hiyo ukungu haujengi kwenye prizimu. Madukani Marekani huuzwa kati ya dola 200 na 300. Kwa daraja hilo la bei, picha ya katikati ni safi kuliko unavyotegemea.

Usafi huo una kazi maalumu kwetu. Nyamera dume na jike wote wana pembe, kongoni vilevile, korongo vilevile, na sheria hairuhusu kupiga jike. Mwindaji bingwa, anayeongoza wageni wanaokuja kuwinda, hawezi kumwambia mgeni "yule mwenye pembe". Anatakiwa aone unene wa shina la pembe, shingo, rangi iliyokolea ya dume, na mwisho kabisa tumbo la chini na katikati ya miguu ya nyuma. Kwa mita 400 kifaa hiki kinaonyesha yote hayo asubuhi. Na kusimama juu ya kichuguu si cheti cha udume. Majike nao hupanda kuangalia.

Darubini za aina hii zinapendwa sana na wawindaji wa nyanda za Montana na Wyoming, wanaomsaka kulungu mwenye masikio makubwa kama ya baghala, yule chotara wa punda na farasi. (Tungesema nyumbu, ila kwetu nyumbu ni mwingine kabisa.) Kwao dume peke yake ndiye mwenye pembe, kwa hiyo kutambua jinsia si shida. Msimu wake wa kupandana ukishika kasi mwezi wa Novemba, dume huyo huacha maficho na kuzurura kundi hadi kundi akinusa majike, na mwindaji mwenye akili hutafuta majike, akaketi, akasubiri. Mgeni akija huku na mbinu hiyohiyo kwa nyamera atapoteza siku. Nyamera dume mwenye himaya hazururi. Majike ndio wanaopita kwake. Mtafute yeye kwanza, na ukimkosa leo kwa sababu ya upepo, kesho anza palepale.

Sasa kosa linaloharibu sifa ya kifaa chenyewe: kukishika mkononi. Ukuzaji wa mara 10 unakuza na mtetemo wa mkono mara 10, na baada ya kutembea saa moja jua kali, mapigo ya moyo tu yanatosha kuificha pembe. Mbele ya bawaba, kati ya mirija miwili, kuna kifuniko kidogo; kifungue utakuta tundu la skrubu la kufungia kwenye stendi ya miguu mitatu. Kiungo chake hakimo kwenye boksi, kinanunuliwa pembeni. Ukikikosa, tumia fimbo tatu za kulengea bunduki: ziweke chini, kaa, kunja kofia juu ya njia panda ya fimbo, laza darubini hapo. Kisha gawa mbuga vipande. Kipande kimoja nusu dakika bila kusogeza darubini. Macho ndiyo yanayotembea. Ukihamia kingine, acha theluthi ya picha ya mwanzo ibaki ndani. Usitafute mnyama mzima. Tafuta miguu ya manjano, sikio linalofukuza nzi, mstari wa mgongo juu ya majani.

Ukiona picha nzuri kwa jicho moja na mbovu kwa jingine, usiilaumu lenzi. Ziba mrija wa kulia, lenga kitu chenye ncha kali umbali wa mita 100 hivi, zungusha gurudumu la kati hadi jicho la kushoto lione sawasawa. Ziba wa kushoto, usiguse gurudumu, zungusha pete iliyo kwenye kijicho cha kulia. Weka alama ya kalamu, maana kambini darubini moja hupita mikono minne.

Kuanzia saa nne asubuhi mazigazi huanza kucheza juu ya mbuga na hakuna lenzi ya bei yoyote itakayoyashinda. Mgeni mwenye 15x ataona maji yanayochemka, makubwa zaidi. Lala, rudi saa kumi.

Alfajiri ni kona nyingine dhaifu. Mwanga unaofika jichoni una kipenyo cha milimita 4.2, wakati 8x42 inatoa 5.25, tofauti hiyo unaihisi ukingoni mwa matete kabla jua halijachomoza. Anayevaa miwani ajue pia kwamba nafasi ya jicho ni milimita 15 tu. Azungushe vikombe vya macho vishuke hadi mwisho, na kama kioo chake ni kinene bado atakosa kingo za picha.

Halafu mbung'o. Kila mtu hujipaka dawa ya kufukuza wadudu, na zile zenye DEET hula mpira na plastiki. Paka kwa mgongo wa kiganja, futa vidole, ndipo ushike darubini. Vumbi la barabara ya kitalu cha uwindaji lipulizwe kwa kipira, lifagiliwe kwa brashi laini, na kitambaa kije mwisho. Pindo la shati lenye mchanga ni msasa.

Dhamana ni ya maisha, haidai risiti, na inahamia kwa mnunuzi wa pili. Kupotea na kuibiwa havimo. Ila gharama ya kuisafirisha kutoka Tabora ipigie hesabu mapema, na uwe na 8x42 ya akiba ya kumpa askari wa wanyamapori mnaporudi porini.