Machaguo ya Drafti Katika Ligi ya Dainasti: Lipi Linunuliwe, Lipi Liuzwe

Katika fantasi ya kawaida ya NFL, yaani mchezo ambamo meneja hupanga kikosi cha wachezaji halisi wa ligi ya futiboli ya Marekani na kupata pointi kwa wanayofanya uwanjani, timu huvunjwa msimu unapokwisha na kila meneja huanza upya mwaka unaofuata. Ligi ya dainasti haiendi hivyo. Wachezaji ulionao hubaki wako mwaka hadi mwaka, na damu mpya huingia kwa drafti ya chipukizi, yaani zoezi la kuchagua kwa zamu wachezaji wapya wa NFL, ambalo hufanyika baada ya drafti yenyewe ya NFL ya mwishoni mwa Aprili na mara nyingi huwa la raundi tatu hadi tano. Ndiyo maana chaguo, yaani haki ya kuchagua katika raundi fulani ya mwaka fulani, limekuwa bidhaa inayouzwa na kununuliwa kama mchezaji mwenyewe, ila halivunjiki mguu wala halizeeki, na bei yake hupanda na kushuka kwa kufuata kalenda. Hapa nayapanga machaguo hayo kwa meneja wa ligi ya timu 12, kuanzia lile ambalo thamani yake huipita bei yake hadi lile ambalo ni afadhali kuliuza.

Kabla ya kununua lolote, soma kanuni za ligi yako. Kwanza, tazama mpangilio wa kuchagua unavyoamuliwa. Ligi nyingine hutumia idadi ya mechi zilizopotezwa. Nyingine, ili kuzuia watu wasipoteze kwa makusudi, hutumia pointi ambazo timu ingepata kama ingepanga kikosi chake bora kila wiki. Pili, tazama kama ligi ni ya supafleksi, ambamo unaruhusiwa kuanzisha kwotabeki (mrushaji mpira) wa pili, kwa sababu hapo warushaji mpira hupanda bei kupita wachezaji wengine wote. Mambo hayo mawili yanaweza kugeuza mpangilio wangu wote, na wanaopata hasara katika biashara hii mara nyingi ni wale walionunua bila kuyaangalia.

Nafasi ya kwanza naipa raundi ya kwanza ya mwaka ujao, inayonunuliwa msimu ukiwa unaendelea, kati ya Septemba na siku ya mwisho ya kubadilishana. Hakuna bidhaa nyingine katika mchezo huu inayouzwa kwa punguzo kubwa namna hii bila kuwa na kasoro. Sababu yake ni tabia ya binadamu: cha leo huonekana kikubwa kuliko cha kesho. Hata wataalamu wa NFL wamenaswa na mtego huo. Watafiti Cade Massey na Richard Thaler walipochunguza mabadilishano ya timu za NFL waliona kwamba kanuni iliyozoeleka ilikuwa kutoa chaguo la raundi ya kwanza la mwaka ujao ili kupata la raundi ya pili la mwaka huu, jambo lililo sawa na kukopa kwa riba ya asilimia 136 kwa mwaka. Kama viongozi wanaolipwa kwa kazi hiyo hukubali riba ya namna hiyo, meneja aliyeshinda mechi nne kati ya tano na ambaye tayari anajiona bingwa atakubali pia.

Mtafute meneja huyo. Usitazame ushindi wake, bali pointi zake na umri wa kikosi chake. Mwenye wakimbiaji (wanaobeba mpira kwa kukimbia) watatu waliovuka miaka 27, na pointi zilizo katikati ya jedwali ingawa amekaa juu, ndiye ambaye chaguo lake litauzwa kwako kana kwamba ni la 12 na mwaka ujao litaangukia la nne au la tano. Mlipe kwa mchezaji mzee anayefunga sasa. Ni haki kusema kwamba mnunuzi wa wazee si lazima apoteze: mwaka 2024 mkimbiaji Derrick Henry, akiwa na miaka 30, aliikimbilia timu ya Baltimore yadi 1,921. Lakini mwaka huohuo mkimbiaji mwingine, Christian McCaffrey, alicheza mechi nne tu kwa sababu ya majeraha, na aliyelipa machaguo ya baadaye ili kumpata alibaki bila mchezaji na bila chaguo. Nikipewa nafasi ya kusimama upande mmoja wa meza hiyo, nasimama upande wa chaguo. Kuanzia Januari bei yake hupanda taratibu, na siku ya drafti, zamu ikiwa yako na saa ikihesabu, mtu huwa ameshalipenda jina moja, naye atatoa zaidi ya alivyopanga. Hapo ndipo pa kuuza kama timu yako haihitaji chipukizi.

Nafasi ya pili ni mwanzo wa raundi ya pili, kuanzia 2.01 (chaguo la kwanza la raundi ya pili) hadi 2.04. Machaguo haya hayanunuliwi peke yake. Hupatikana kwa kushuka, kwa mfano ukitoa 1.08 ukapokea 2.02 pamoja na raundi ya kwanza ya mwaka ujao. Msingi wake ni kwamba pengo la ubora kati ya mpokeaji (mdakaji wa mpira) anayechaguliwa wa nane na wa kumi na nne ni dogo kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2019 timu ya New England ilimchagua mpokeaji N'Keal Harry katika nafasi ya 32. Baada yake walikuja Deebo Samuel katika nafasi ya 36, A.J. Brown ya 51 na DK Metcalf ya 64, na wote watatu walimpita mbali.

Ya tatu ni kilele chenyewe, 1.01 hadi 1.03. Si kwamba ni machaguo mabaya, la hasha. Ni kwamba bei yake imejaa tayari. Katika supafleksi, yanunue iwapo huna kwotabeki wa kutegemea na darasa (kundi la chipukizi) la mwaka huo linao warushaji wa kweli, kama lile la 2024 lililowaleta Caleb Williams na Jayden Daniels katika nafasi mbili za kwanza. Kumbuka hata hivyo kwamba San Francisco ilitoa machaguo matatu ya raundi ya kwanza ili kumfikia kwotabeki Trey Lance katika nafasi ya tatu mwaka 2021, na miaka miwili baadaye ikamwuza Dallas kwa chaguo moja la raundi ya nne.

Ya nne ni 1.09 hadi 1.12, ambayo naishauri kila timu inayowania ubingwa iyauze siku ya drafti ili ipate mpokeaji wa miaka 24 au 25 aliyekwisha kuthibitisha uwezo wake. Jina la raundi ya kwanza hulipa bei ambayo mchezaji mwenyewe mara nyingi haifikii.

Raundi ya tatu na ya nne ziko mwisho. Mpokeaji Puka Nacua alichaguliwa na timu ya Rams katika nafasi ya 177 mwaka 2023, akapokea mipira 105, rekodi ya chipukizi kwa wakati huo. Brock Purdy, aliyekuja kuwa kwotabeki tegemeo wa San Francisco, alikuwa wa mwisho kabisa, wa 262, mwaka 2022. Habari hizo zinajulikana kwa sababu ni nadra. Yaombe machaguo haya kama nyongeza mnapokaribia kukubaliana, wala usiyalipie kwa mchezaji anayeanza.

Kuhusu namna ya kuomba: mwandikie mwenzako ujumbe kabla ya kumtumia ofa, umwulize anahitaji nini. Ligi ya dainasti ni ujirani, na watu wale wale 11 utafanya nao biashara kwa miaka. Ofa ya kudharau hufunga mlango kwa muda mrefu. Kama ligi yenu ina ada, angalia pia iwapo kamishna (msimamizi wa ligi) hutaka ada ya mwaka ujao ilipwe mapema na yeyote anayeuza chaguo la mwaka huo, kwani gharama hiyo ni sehemu ya bei. Mwisho, kabla ya kukubali, hakikisha programu ya ligi inaonyesha chaguo lilikuwa la timu ipi hapo awali: meneja mwenye machaguo mawili ya mwaka ujao, lake na la timu dhaifu, atakutumia lile la kwake usipolitaja kwa jina.