Intel AX200 kwenye Debian na OpenBSD: tathmini ya kadi ya Wi-Fi kwa wenye vipakatalishi vya mtumba Mombasa

Aliyenunua kipakatalishi cha mtumba hapa Mombasa, akaondoa Windows na kuweka Debian, mfumo huria wa familia ya Linux, kisha akakuta orodha ya mitandao ya Wi-Fi ni tupu, ana njia mbili. Anaweza kukesha akitafuta draiva (programu inayouwezesha mfumo kutumia kifaa) ya kadi aliyoikuta ndani, au anaweza kuing'oa na kuweka nyingine. Mimi nilichagua njia ya pili, nikaweka Intel AX200, na baada ya kuitumia nyumbani na kazini kwa muda wa kutosha naweza kuisifu bila kuficha mambo mawili matatu yanayoudhi.

Sifa yake kubwa ni kwamba draiva yake, iwlwifi, imo ndani ya kerneli ya Linux yenyewe, yaani kiini cha mfumo. AX200 ilianza kutambuliwa katika toleo la 5.1 la mwaka 2019, hivyo mfumo wowote wa Linux unaotumika leo unaijua. Kadi niliyoitoa ilikuwa ya kampuni nyingine, nayo ilitegemea draiva iliyoandikwa nje ya kerneli na kujengwa upya kila kerneli inaposasishwa. Ujenzi ukishindikana, mtandao unapotea, na bila mtandao huwezi kupakua marekebisho. Watu wengi huiona shida hii wakadhani Linux ndiyo mbovu, ilhali kosa ni la mtengenezaji asiyepeleka draiva yake kwa wanaotunza kerneli.

Hata hivyo, draiva peke yake haitoshi. AX200 inahitaji programu dhibiti, yaani faili ambalo draiva hulipakia ndani ya kadi kila inapowashwa, na faili hilo la Intel si huria ingawa inaruhusiwa kulisambaza. Katika Debian limo kwenye kifurushi cha firmware-iwlwifi. Hadi toleo la 11 diski rasmi ya usakinishaji haikuwa na vifurushi vya aina hiyo, na wengi walikwama hapo. Wanachama wa Debian walipiga kura mwaka 2022 kubadilisha utaratibu huo, na tangu toleo la 12 lililotoka Juni 2023 programu dhibiti zimo ndani ya diski rasmi. Mwenye toleo la zamani aunganishe simu kwa waya wa USB, awashe ushirikishaji wa intaneti, apakue kifurushi kwa bando lake, kisha awashe mashine upya. Amri ya lspci -nnk itaonyesha kadi kwa namba 8086:2723 na, mbele ya neno la draiva inayotumika, iwlwifi. Ikiwa draiva ipo lakini mtandao haupo, amri ya dmesg, inayoonyesha kumbukumbu za kerneli, ndiyo ya kusomwa kabla ya kulaumu chochote, na amri ya rfkill hueleza kama Wi-Fi imezimwa kwa kitufe tu.

Ununuzi wenyewe unataka macho. Katika duka nililoingia, karibu na barabara ya Digo, muuzaji alinisogezea kadi nyingine akisema, "Chukua hii 201, shekhe, ndiyo mpya, na bei ni ile ile." AX201 inafanana sana na AX200 kwa umbo, lakini sehemu ya kazi yake imehamishiwa kwenye chipu za Intel za ubao mkuu, kwa hiyo haifanyi kazi ila katika mashine zilizoundwa kuipokea. AX200 hutumia PCIe, njia ya kawaida ya kuunganisha vifaa na ubao mkuu, na hukubali hata kwenye mashine za AMD. Sidhani muuzaji alikusudia kunidanganya. Kwake zote zilikuwa kadi za Wi-Fi. Ndiyo sababu namba iliyochapishwa kwenye kadi isomwe kabla ya pesa kutoka mfukoni. Vilevile ihakikishwe kwamba mashine ina tundu la M.2, kwa kuwa za zamani zaidi zina tundu la aina nyingine, mini PCIe, na baadhi yake, kama ThinkPad X230, BIOS yake (programu inayoiamsha mashine) hukataa kadi isiyo katika orodha ya mtengenezaji.

Kuifunga ni kazi ya bisibisi moja na subira. Viunganishi vya antena ni vidogo mno na havipendi kubonyezwa upande. Fundi mwenye haraka huvipinda. Mashine iliyokaa karibu na bahari kwa miaka mingi huweza kuwa na kutu hapo, na kutu hiyo hupunguza mawimbi hata kama kadi ni mpya.

Kuhusu kasi, tangazo la gigabiti 2.4 kwa sekunde ni la karatasi: linahitaji ruta ya Wi-Fi 6 na chaneli yenye upana wa megahezi 160. Vifurushi vya nyumbani viko mbali sana na hapo. Nilichothamini ni uthabiti. Katika nyumba za Mji wa Kale, zenye kuta nene za mawe ya matumbawe, masafa ya gigahezi 5 hufifia chumba cha pili, na kadi hii huhamia gigahezi 2.4 bila kukata mazungumzo ya video. Kuta hizo hazishindwi na kadi yoyote. Anayeishi humo anunue ruta ya pili kwanza.

Linaloudhi zaidi ni kwamba kadi hii haikubali kugeuzwa kituo cha kugawa mtandao katika gigahezi 5. Intel imeiwekea utaratibu wa kukisia nchi iliyomo kutokana na mawimbi ya jirani, na amri ya iw reg set, ya kuiambia Linux uko nchi gani, haiupindui. Katika gigahezi 2.4 inagawa bila tatizo, ila kwa mwenye saiba ndogo hilo halitoshi.

Kwenye OpenBSD, mfumo huria usio wa familia ya Linux, kadi hii ina draiva iwx tangu mwaka 2020. Programu dhibiti huletwa kwa amri ya fw_update, na baada ya hapo mambo hutulia, ingawa hadi mwaka 2025 Wi-Fi 6 haikutumika na kadi ilifanya kazi kwa viwango vya kizazi kilichotangulia. FreeBSD, mfumo wa ukoo huo huo, ilichelewa: iwlwifi iliingia katika toleo la 13.1 mwaka 2022 ikiwa na kasi ya kizamani, na viwango vya n na ac (Wi-Fi 4 na 5) vilikuja na 14.3 mwaka 2025. Mwenye toleo la kabla ya hapo asiinunue akitarajia kasi.

Asiyetaka msimbo uliofungwa hata chembe atafute kadi za zamani za Atheros zinazotumia ath9k, kama AR9380, ambazo hazihitaji programu dhibiti kabisa. Zinaishia kiwango cha n. Na mwenye saiba anayetaka kugawa gigahezi 5 atazame vifaa vya USB vyenye chipu ya MediaTek MT7612U, ambavyo draiva yake nayo imo ndani ya kerneli tangu mwaka 2018.