Honda XR150L kwenye mvua na barabara kuu ya Mafinga hadi Njombe: uzoefu wangu

Kazi yangu ni kufuatilia wakulima wa parachichi kuanzia Mufindi mpaka Njombe. Huku Nyanda za Juu Kusini mvua huanza Novemba na kuachia Aprili au Mei, kisha unafuata ukungu na manyunyu ya Juni, siku ambazo lami haikauki mpaka saa nne asubuhi. Ndiyo maana nilipotafuta pikipiki sikuanza kwa kuuliza inakimbia kiasi gani. Nilitaka kujua itasimamaje barabara ikiwa imelowa na nyuma yangu kuna semi ya kwenda Tunduma.

Boxer 150 niliifikiria kwanza, kama mtu yeyote wa huku. Spea zake zipo hadi kwenye kioski cha kijijini na kila fundi anaijua. Lakini zile tulizozizoea kwenye bodaboda zina breki za shuu mbele na nyuma. Maji yakiingia ndani ya ngoma, shuu huteleza, na huchukua muda kukauka. Mjini, spidi ya 30, unaweza kuvumilia. Ukiwa kwenye 70 na lori lililo mbele yako limewasha taa za breki, hiyo nafasi huna. XR ina diski mbele na shuu nyuma. Diski nayo hulowa, na ile sekunde ya kwanza unaweza kuhisi haishiki, ila ikizunguka inatupa maji nje na pedi zinaifuta. Nikitoka kwenye dimbwi nagusa breki ya mbele kidogo tu, mara moja au mbili, kabla sijaihitaji kwa kweli. Fanya hivyo na wewe, hata kama pikipiki yako ni ya aina nyingine.

ABS haina, hiyo XR ninayoiendesha. Nalisema wazi kwa sababu ndicho kitu ambacho ningeongezea pesa bila kusita kama kingekuwepo. India iliamuru kwamba kuanzia Aprili 2019 kila pikipiki mpya inayozidi cc 125 iwe na mfumo huo unaozuia tairi kujifunga, lakini pikipiki zinazoletwa kwetu si lazima ziwe nao, hata zikiwa zimetoka kwenye viwanda vilevile. Muuzaji akikwambia ipo, muombe akuonyeshe pete yenye matundu iliyo karibu na diski, na taa yake kwenye dashibodi. Bila ABS, mkono wako ndio unaofanya kazi hiyo: unaminya taratibu, unaongeza nguvu uzito ukishahamia mbele, na hupigi breki katikati ya kona.

Mahali pa kuijua pikipiki ni mlima Kitonga ukiwa umelowa. Ukitoka Iringa kushuka kuelekea Ruaha Mbuyuni, kona ni kali na malori yanashuka yakinuka breki. XR nashuka nayo kwa gia ya pili au ya tatu, injini inaibana mwendo, breki naziacha zipumzike kwa ajili ya kona zenyewe. Injini yake ya cc 149 inashika vizuri kwenye mshuko, haina ile tabia ya kukurusha mbele ukifunga mafuta. Kupanda ni habari nyingine. Nguvu zake ni farasi kama 12 tu, na ukiwa na mzigo utapanda polepole. Kulipita lori mlimani nimeshaliondoa kabisa kwenye mipango yangu. Nasubiri tambarare.

Kwenye tairi ndipo XR iliponishinda moyo. Mbele ni 90/90 ya rimu 19, nyuma 110/90 ya rimu 17. Tairi jembamba la mbele hupasua maji badala ya kuelea juu yake, na rimu kubwa huvuka mashimo bila kupindisha usukani. Wanaopita barabara hii wanajua ile mifereji miwili iliyochimbwa na uzito wa malori sehemu za miinuko: lami imebonyea, maji yanajaa humo kama mtaro. Mimi napita kwenye mgongo ulio katikati ya mifereji hiyo, lakini si mvua ikiwa ndiyo kwanza imeanza, maana hapohapo ndipo malori yanapodondoshea oili. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ni mbaya kuliko zote. Dizeli na oili ya miezi yote hupanda juu, na lami inakuwa sabuni. Siku hiyo jibanze kwenye kibanda mpaka iwe imeosha barabara. Rasta zilizopakwa rangi nyeupe na mistari ya zebra zipite wima, bila kulalia upande na bila breki.

Jambo moja: muundo wa tairi hizi ni wa nusu lami, nusu vumbi. Mimi naingia mashambani kwa hiyo zinanifaa. Anayekaa lamini muda wote abadilishe aweke tairi za barabara zenye mifereji ya kutoa maji, na asikubali kuuziwa za kashata kubwa, yaani zenye vipande vya mpira vilivyotokeza, kwa sababu tu zinaonekana imara. Kashata kwenye lami iliyolowa zina eneo dogo la kugusa.

Mwendo wake wa raha ni 80 kwa saa. Inaweza kufika 100 au kuzidi kidogo, ila injini inalalamika na mwili unachoka. Ina uzito wa kilo kama 130 tu, na upepo wa Makambako unaisukuma, hasa semi ikikupita ikitokea upande wa pili. Shika usukani kwa mikono iliyolegea, bana tangi kwa magoti, itanyooka yenyewe. Tangi la lita 12 linanitosha Mafinga, Njombe na kurudi bila wasiwasi.

Madigadi ya mbele imekaa juu sana, kwa hiyo maji machafu yanarukia miguu na injini. Buti za mpira na suruali ya mvua si anasa. Cheni iko wazi, haina kava kama za bodaboda nyingi. Wakati wa masika naipaka mafuta kila jioni ikiwa bado na joto, la sivyo inakauka na kutafuna sproketi. Kofia ya plagi niliipaka grisi kidogo kwenye mpira wake, kwa sababu pikipiki nyingi zinazokatakata kwenye mvua, maji yameingia hapo.

Niliziangalia pia kubwa zaidi. Pulsar NS200 inachanganya haraka na ingenimalizia shida ya milimani, lakini imekaa chini mno kwa barabara za vijiji vya Njombe, na inakulaza mbele mgongo ukiuma. Royal Enfield Himalayan ya cc 411 ina ABS mbele na nyuma, na ndiyo ningependa kwa mtu anayetoka Dar es Salaam hadi Mbeya. Ina karibu kilo 200. Ikikulalia kwenye tope la Lupembe peke yako, utasubiri watu.

XR ni ghali kuliko Boxer, na spea zake hupati kila mahali. Pedi za diski, kebo ya klachi na plagi moja natembea nazo kwenye mkoba wa nyuma, na pedi za akiba hununua Iringa mjini kila ninapofika, kabla za zamani hazijaisha.