Kompyuta ya gemu ya kwanza: soketi ipi ununue, na vipuri gani vinakubaliana nayo

Wengi wanaojiundia kompyuta ya gemu kwa mara ya kwanza huanza na kadi ya grafiki, kwa kuwa ndiyo inayosifiwa. Anza na soketi, kile kitako cha mraba kwenye mazabodi ambamo prosesa hukaa. Soketi ndiyo inayoamua prosesa utakayoweka leo, ile utakayoweza kubadilisha baadaye, na RAM ya kununua. Kadi ya grafiki haina nongwa: ya leo huingia karibu kwenye mazabodi yoyote ya miaka ya karibuni. Kwa hiyo tumepanga soketi nne, tukianza na ile tunayoipendekeza zaidi.

1. AM5 ya AMD

Ilitoka 2022. Inapokea prosesa za Ryzen za mfululizo wa 7000, 8000 na 9000, na RAM ya kizazi cha DDR5 tu. AMD imeahidi kuitolea prosesa mpaka 2027 na zaidi, na ahadi hiyo ina uzito: AM4 iliyoitangulia ilianza 2016 na 2024 bado ilikuwa inapata prosesa mpya. Unaweza kuanza na Ryzen 5 7600, kisha siku mfuko ukiruhusu ukaichomoa na kuweka 7800X3D au 9800X3D, huku mazabodi na RAM vikibaki vilevile. Hizo za X3D zina kumbukumbu kubwa ya ndani, MB 96 badala ya MB 32, na gemu nyingi huchangamka sana zikiipata.

Angalia herufi za mwisho kwa makini. 7600 huja na kipozaji ndani ya boksi. 7600X haiji nacho. 7500F haina grafiki ya ndani, hivyo kadi ikigoma siku ya kwanza hutapata picha yoyote ya kukuonyesha tatizo liko wapi. Kwa anayeunda mara ya kwanza, 7600 ya kawaida ndiyo salama.

Mazabodi ya B650 (hilo ni jina la chipu kuu ya mazabodi, linaloonyesha daraja lake) inatosha. A620 hufanya kazi, ila nyingi zina sehemu ya umeme iliyobaniwa, na prosesa kubwa utakayotaka baadaye itaishia kupunguza kasi. Wi-Fi usiidhani: kama jina la mazabodi halina neno hilo, kwa kawaida na yenyewe haina.

Tahadhari moja: B650 iliyokaa stoo tangu mwanzo huenda isiitambue Ryzen 9000 mpaka BIOS, programu ya msingi ya mazabodi, isasishwe. Tafuta mazabodi yenye kitufe cha BIOS Flashback upande wa nyuma. Unaweka faili la BIOS kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32, unalipatia jina ambalo kijitabu kimeagiza, unachomeka kwenye tundu la USB lililowekewa alama, unaunganisha umeme na kubonyeza kitufe kwa sekunde chache. Prosesa si lazima iwemo. Bila kitufe hicho utaanza kuzunguka ukiazima prosesa ya zamani.

Na usishtuke ukiiwasha mara ya kwanza. AM5 hujipima RAM kwanza, na skrini inaweza kubaki nyeusi kwa dakika kadhaa huku feni zikizunguka. Anayezima umeme katikati huirudisha kazi mwanzo, kisha anazima tena, mwishowe anarudisha mazabodi nzima dukani. Subiri dakika 15 ndipo uanze kulaumu kitu.

2. AM4 ya AMD

Ni chaguo la mwenye bajeti finyu, hasa akipata RAM ya DDR4 iliyotumika. Ryzen 5 5600 kwenye mazabodi ya B550 bado inacheza vizuri. Barabara yake imefika mwisho, lakini kituo cha mwisho si kibaya: 5700X3D au 5800X3D ukiipata.

5600 haina grafiki ya ndani, 5600G inayo. Usinunue 5600G kama una mpango wa kuweka kadi: ina nusu ya kumbukumbu ya ndani na huishia PCIe 3.0, toleo la zamani la njia za data kati ya kadi na prosesa. Hapo ndipo kadi zenye njia chache huumia. RX 6500 XT hutumia njia 4 tu, kwa hiyo kwenye PCIe 3.0 hubanwa vibaya. B450 nayo ni ya PCIe 3.0, na huenda ikahitaji BIOS mpya kabla ya kupokea mfululizo wa 5000.

Pini za AM4 ziko kwenye prosesa yenyewe. Ukikivuta kipozaji wima, pesti ya kupitisha joto iliyokauka hung'oa prosesa kutoka kwenye soketi iliyofungwa na pini zinapinda. Washa mashine kidogo ipate joto, izime, chomoa waya wa umeme, kisha zungusha kipozaji kulia na kushoto ndipo ukinyanyue.

3. LGA1700 ya Intel

Hii ni ya vizazi vya 12, 13 na 14. Core i5-12400F ni prosesa tulivu isiyotaka umeme mwingi. Mtego wake ni RAM: mazabodi nyingine ni za DDR4, nyingine za DDR5, na hakuna inayokubali aina isiyo yake, maana mkato wa chini wa RAM hauko mahali pamoja. Herufi D4 kwenye jina ndiyo ishara ya kawaida ya DDR4. Chukua B760, H610 haikuruhusu kupandisha kasi ya RAM.

Prosesa za nguvu za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa na hitilafu ya volti kupanda kupita kiasi, jambo ambalo Intel yenyewe ilikiri 2024 na kuongeza dhamana. Dawa yake ni BIOS mpya, nayo huzuia tu. Prosesa iliyokwisha kuharibika haiponi. Ndiyo maana tungeogopa kununua i7 au i9 ya vizazi hivyo kwa mtu aliyeitumia.

4. LGA1851 ya Intel

Core Ultra 200, kuanzia 2024, DDR5 tu. Kazi za ofisini na kuhariri video inazimudu, ila kwenye gemu inaachwa na X3D. Kwa kompyuta ya gemu ya kwanza, ipite.

Vinavyofuata baada ya soketi

RAM: nunua vipande viwili vya GB 16 vilivyofungwa pamoja. Kwa AM5, DDR5-6000 CL30 ndiyo kipimo kizuri. Viweke sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, kisha ingia BIOS uwashe EXPO (XMP kwa Intel). Usipofanya hivyo RAM hubaki kwenye kasi ya chini, mara nyingi 4800, na wapo wanaoishi nayo hivyo mwaka mzima bila kujua. Usiongeze vipande viwili vingine baadaye, kwani DDR5 nne hulazimika kushuka kasi au hukataa kuwaka.

SSD: M.2 2280 ya NVMe, TB 1. Hakikisha imeandikwa NVMe, kwa sababu M.2 za SATA bado zipo na sloti nyingi hazizisomi.

Kadi ya grafiki: kati ya RX 9060 XT ya GB 16 na ya GB 8, au RTX 5060 Ti ya GB 16 na ya GB 8, bana kwingine uchukue ya GB 16. Kumbukumbu ya kadi ikijaa, gemu hukwamakwama hata kama kadi ina nguvu. Kisha pima urefu. Tuseme kasha limeandikwa linapokea kadi ya mm 330. Ukiweka radieta ya kipozaji cha maji mbele, mm 27, na feni zake, mm 25, zimebaki mm 278, na kadi nyingi za feni tatu hazitaingia. Urefu wa kipozaji pia: Peerless Assassin 120 SE ina mm 155, NH-D15 ina mm 165, na kwa baadhi ya makasha mm 10 hizo ndizo zinazozuia mlango kufungika.

Pawa saplai ndipo watu hubania na kujutia. Kwa RTX 5060 Ti, wati 650 zinatosha kwa raha. Kwa RX 9070 XT au RTX 5070 Ti, wati 750. Nembo ya 80 Plus inapima umeme unaopotea, haisemi kama vipuri vya ndani ni imara. Kebo zina mambo mawili ya kukariri. Ya prosesa hugawanyika 4+4, ya kadi 6+2. Zote zina pini 8, ila mpangilio wa volti ni kinyume, kwa hiyo ikigoma kuingia usiisukume. La pili: kebo za kuchomoa za pawa saplai moja usizitumie kwenye nyingine. Upande wa kifaa unafanana kila mahali, upande wa pawa saplai kila mtengenezaji hupanga anavyotaka, na volti 12 zikifika palipotakiwa volti 5, diski imekwenda.

Kwa kadi zenye plagi ya pini 16, sukuma mpaka usione mwanya wowote, wala usiikunje kebo karibu na plagi. Iliyokaa nusu hupata joto na kuyeyuka.

Kabla ya kufunga kipozaji, bandua karatasi ya plastiki iliyo chini yake. Kisha chomeka kebo ya skrini kwenye kadi, si kwenye mazabodi, na ndani ya Windows pandisha skrini kutoka Hz 60 hadi Hz 144 au ile uliyoilipia.