Tahadhari kwa wanaobadilisha klachi nyumbani: pleti kuukuu zinapakwa rangi na kuuzwa kama mpya

Ndugu zangu wenye Suzuki Carry, hizi tunazoziita kirikuu, pamoja na wengine wote mnaojiandaa kubadilisha klachi nyumbani kwa mara ya kwanza, naandika kuwatahadharisha juu ya muuzaji mmoja wa vipuri wa Gerezani, Dar es Salaam, aliyeniuzia seti ya klachi (pleti, presha pleti inayoikandamiza, na beringi) iliyokarabatiwa huku akiniapia kwamba ni mpya kabisa. Jina la duka silitaji, kwa kuwa madai yangu nayafuatilia kwa njia ya sheria. Ninachotaka ni muweze kuitambua mali yenyewe mkiwekewa mezani.

Gari langu hubeba kabichi na karoti kutoka Mgeta kuteremka Morogoro mjini. Klachi yake ilipoanza kuteleza nikaamua kuifunga mwenyewe nikisaidiana na mdogo wangu, kwa sababu kwenye kirikuu giaboksi hushushwa kwa chini bila kung'oa injini: unafungua propela shafti, unachomoa waya wa klachi, unatoa stata, kisha unalegeza boliti zinazoishikilia giaboksi na injini. Maduka matatu yalinitajia bei kati ya shilingi 180,000 na 220,000. Huyu wa nne alinitumia picha za kisanduku kizuri kwenye simu, akaniambia nilipe 120,000 na mzigo ungepanda basi la jioni hiyo hiyo. Nililipa bila kuushika mzigo, na hapo ndipo nilipokosea.

Kazi ilituchukua siku mbili. Tulilipandisha gari juu ya stendi za chuma (msikubali kulala chini ya gari lililowekwa kwenye matofali, hata kwa dakika tano), tukaiweka pleti katikati kwa shafti ya kupangia, tukakaza boliti za presha pleti kwa kupokezana, moja huku na nyingine upande wa pili, kidogo kidogo. Gari likaondoka vizuri. Siku ya tano, likiwa na mzigo kwenye mlima, injini ikaanza kunguruma bila gari kusogea, na harufu ya kuungua ikajaa kibandani.

Nilimpigia muuzaji, na swali lake la kwanza lilikuwa: "Nani aliifunga?" Nilipojibu kwamba niliifunga mwenyewe, akasema basi nimeiunguza kwa kutojua kazi, na kwamba kipuri kikishafungwa hakirudishwi. Nakiri kwamba kwa siku mbili nilimwamini. Nilijilaumu mbele ya mdogo wangu, nikakumbuka kila boliti niliyoikaza. Ninaisimulia aibu hiyo kwa makusudi, kwa sababu ndiyo inayoilinda biashara yake. Klachi hufichwa ndani, kati ya injini na giaboksi. Ubovu wake hauonekani mpaka uvuje jasho kuishusha giaboksi upya, na mtu anayefanya kazi hiyo kwa mara ya kwanza ni mwepesi wa kuishuku mikono yake kabla ya kumshuku aliyemuuzia.

Tuliposhusha giaboksi tena, upande mmoja wa bitana ya pleti, yaani lile gamba linalosuguana na chuma, ulikuwa umebanduka, na vichwa vya riveti zinazoishikilia vilikuwa vimechimba mifereji kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la injini ambalo pleti hukandamizwa juu yake, ambayo ilibidi niipeleke kwa wakereza vyuma. Chini ya bitana hiyo, matundu ya riveti yalikuwa yamepanuka na kuwa ya mviringo usio sawa, ishara ya kwamba bamba lile lilikwisha kupigiliwa bitana nyingine zamani. Nilipokwangua rangi nyeusi kwenye meno ya ndani ya pleti, yale yanayoingia kwenye shafti ya giaboksi, nikakuta meno yaliyolika na kutu iliyozikwa chini ya rangi.

Meno hayo ndiyo mahali pa kwanza pa kutazama, kwa kuwa bitana inaweza kupigiliwa upya lakini chuma kilicholika hakirudi. Pitisha ukucha au msumari: meno mapya yana kingo kamili, wala hayana ngazi wala rangi nzito iliyomiminika ndani yake. Kisha geuza presha pleti na uangalie ncha za vidole vya springi, pale beringi inapogusa. Kwenye presha pleti iliyokwisha kufanya kazi kuna duara linalong'aa au kijifereji, na mara nyingi vidole vyenyewe havilingani kimo. Uso wake wa chuma ukiwa na madoa ya samawati, umepata joto kali. Beringi izungushe karibu na sikio. Ikikwaruza, huenda imeoshwa kwa petroli na kupakwa grisi mpya tu. Kisanduku kisikushawishi, hasa kikiwa na lebo iliyobandikwa juu ya lebo nyingine, kama kilivyokuwa changu.

Sina ugomvi na vipuri vya mtumba. Klachi iliyotoka Japani ikiuzwa kwa jina lake halisi, na mnunuzi akaipima unene kwa venia, kile kipimo cha fundi, akaona bitana inatosha, hiyo ni biashara halali. Kosa ni kuipaka rangi na kuiita mpya. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kudai kwa uongo kwamba bidhaa ni mpya, na malalamiko hupokelewa na Tume ya Ushindani. Ila ukienda huko mikono mitupu, utapata shida kuthibitisha. Daini risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na muuzaji aandike pia kwa mkono wake kwamba seti ni mpya na ni ya gari lipi. Kisanduku kikifika kwa basi, kifungueni huku mkichukua video, mpige picha meno na vidole kabla ya kitu chochote kuguswa na grisi, na msianze kushusha giaboksi mpaka ukaguzi huo uishe. Mimi sikuwa na video. Nina picha za kisanduku, kumbukumbu ya malipo ya simu, na vipande vyenyewe, ambavyo sijavisafisha na sitavitupa.

Seti niliyouziwa ilikuwa na namba mbili zilizoandikwa kwa kalamu nyeupe ya mafuta pembeni mwa presha pleti, rangi nyeusi nzito ndani ya meno, na riveti za shaba ambazo vimo vyake havikulingana. Aliyepokea seti yenye alama hizo kutoka Gerezani na bado hajaifunga, asiifunge.