Damu ya mzee kichwani: rangi naisifu, saluni siisamehi

Nianze na rangi yenyewe, maana nikishaingia kwenye habari za yule mama mwenye saluni sitaweza tena kusema neno zuri. Katikati ya kichwa changu, kutoka usawa wa masikio kushuka hadi karibu na mabega, kuna damu ya mzee ambayo sijawahi kuiona kwa mtu mwingine hapa Dar. Ndani ya nyumba inaonekana nyeusi. Nikitoka nje saa tisa alasiri jua likiwa upande, inawaka kutoka ndani, nzito, bila kelele. Konda mmoja wa Mbagala aliniita "dada mvinyo" na kwa mara ya kwanza maishani nikamjibu konda kwa tabasamu. Na imepatikana bila blichi. Ndicho nilichokitaka tangu niko sekondari, na hapo katikati nimekipata.

Tatizo ni juu. Na chini. Na mdomo wa yule mama.

Kwa wasiojua, nywele nyeusi zikianza kufunguliwa na dawa, yaani kupunguzwa weusi wake, kinachotangulia kutokea ni wekundu, halafu rangi ya chungwa, njano inakuja mwisho. Kwa hiyo anayetaka wekundu mzito hahitaji kuzichoma nywele hadi njano, anaishia njiani. Anayetaka ule mwekundu unaong'aa wa plastiki, huyo blichi haimwepuki, na mimi simo. Hina niliijaribu zamani. Shangazi yangu wa Tanga anaipaka miaka yote, na kwenye mvi zake inatoka rangi ya chungwa nzuri mno. Kwangu ilionekana tu jua likinipiga utosini, kwa kuwa hina inavika nywele rangi, haizifungui. Watu walikuwa wananiuliza nimepaka mafuta gani. Ndiyo nikaamua kwenda kwa "wataalamu".

Nilikwenda siku ya katikati ya wiki, asubuhi, wakati sinki halina foleni. Nilichagua saluni hiyo kwa sababu ya kioo chake na kwa sababu shoga yangu alitengenezwa pale akatoka vizuri (yeye alisukwa tu, lakini hilo nililikumbuka baadaye). Kabla sijakaa nikamwambia mama mwenye saluni kwamba ncha zangu zina nyeusi ya dukani, ya siku nyingi. Akaitikia "mmh" macho yakiwa kwenye simu. Aliponifunga kitambaa shingoni nikamwambia tena: ncha zina rangi, ukiona haiwezekani zikate, sina uchungu nazo. "Mmh."

Hili nalisisitiza kwa sababu ndilo kosa lote lilipolala. Rangi haifungui rangi. Unaweza kumwaga kopo zima la nyekundu juu ya nyeusi ya dukani, nyeusi itakaa palepale inakuangalia. Inabidi itolewe kwanza, au mkasi upite. Halihitaji cheti hilo. Mtu anayekaa kwenye saluni mwezi mmoja akifagia nywele anakuwa ameshalisikia.

Hakuuliza kama nina hina kichwani. Alitakiwa aulize, kwa sababu baadhi ya hina za pakiti zimechanganywa chumvi za madini, na zikikutana na peroksaidi ya developa (ile dawa inayochanganywa na rangi ili ifungue nywele) zinaweza kupata moto kichwani mwa mtu. Hakunipaka tone nyuma ya sikio saa 48 kabla ili kuona kama ngozi itakataa. Sawa, hilo la mwisho nisimwonee, sijaona saluni ya mtaani inayolifanya, na ndiyo maana watu wanavimba uso halafu wanasingizia samaki. Lakini kuuliza tu? Kuuliza kunagharimu nini?

Akachanganya bakuli moja la kichwa kizima. Developa ya asilimia 12, ile kali kuliko zote pale kwenye rafu. Akaanza kupaka kwenye ngozi ya kichwa.

Kulikuwa na binti anayejifunza kazi, mpole, ameshika foili. Nilimsikia akisema taratibu, "Mama, tusianzie katikati kwanza?" Akajibiwa, "We mtoto, saluni hii ya nani?" Binti akanyamaza. Mimi pia nilinyamaza, kwa sababu mtu akiwa na dawa kichwani ni mateka.

Binti alikuwa sahihi kwa asilimia mia. Kichwa kina joto lake, na joto linaikimbiza dawa. Nywele zilizo karibu na ngozi zinafunguka upesi, za mbali zinachelewa. Ndiyo maana wanaojua wanaacha nafasi ya vidole viwili kutoka kwenye ngozi, wanapaka urefu wote, wanasubiri, halafu mashina wanayamalizia mwishoni kwa developa ya chini, ya asilimia 6 kwa mfano. Hapa mashina yalitangulizwa, kwa dawa kali kupita zote, na juu yake nikafunikwa kofia ya nailoni na kuwekwa chini ya draya. Nikasema inawasha. Akasema, "Ikiwasha ndiyo inashika." Nikasema inawasha sana. Akamwambia mteja mwingine kwamba kuna watu waliozoea kusukwa twende kilioni na wakiguswa na dawa kidogo wanapiga yowe.

Maji yakawa yamekatika. Nikaoshwa kwa ndoo.

Halafu kioo. Juu, kuzunguka paji la uso na kwenye mstari wa katikati, rangi ya kutu. Katikati, ile damu ya mzee niliyoisifu. Chini, nyeusi tii, haijaguswa. Nilikuwa nimebeba bendera ya nchi isiyojulikana.

Nikamwita kwa heshima zote. "Mama, naomba uangalie. Hapa juu na hapa chini havifanani."

"Ulitaka nyekundu, si hiyo nyekundu?"

"Nilitaka ya hapa katikati, kichwa kizima. Kama picha niliyokuonyesha."

Akachukua nywele zangu kwa vidole viwili, akaziinua ili saluni nzima ione, akasema: "Nywele ngumu hivi, kipilipili, ulitaka zitoke za Kihindi? Nywele zako ndizo zenye matatizo, rangi yangu haina tatizo." Wakacheka. Si wote, lakini wakacheka.

Nimefikiria jibu nililompa na bado nalipenda. Nilimwambia, "Mama, nywele za juu, za katikati na za chini zote ni zangu, na zote ni kipilipili. Katikati zimekubali. Hiyo shida ya ugumu imeruka hapo ikaenda wapi?" Akashindwa, kwa hiyo akahamia kwa mteja aliyekuwa anasetiwa: "Wateja wa siku hizi wanakesha kwenye simu, asubuhi wanakuja kutufundisha kazi." Halafu akanigeukia na ofa. Kama sijaridhika, niongeze Sh 30,000 anipake nyeusi juu yake. Yaani nilipe ili nirudi nilikotoka! Sh 80,000 ya kwanza alikuwa ameshaichukua kwa simu kabla sijakaa, ndiyo sheria ya pale, na sasa naielewa sheria hiyo ilitungwa kwa ajili gani.

Kuharibika kwa rangi nakusamehe. Kazi ni kazi, mkono unateleza. Lakini kuinua nywele za mtu mzima mbele za watu na kuzitukana, kwenye saluni ambayo kila aliyekaa pale, pamoja na yeye mwenyewe chini ya wigi lake, ana nywele hizohizo? Hilo silisamehi.

Nikatoka nimejifunga mtandio. Yule binti akanifuata hadi kwenye mtaro, akajifanya anamwaga maji. Akaniambia kwa haraka: "Dada, usikubali nyeusi, utaitoaje tena? Subiri ngozi ipoe. Mashina yapakwe rangi ya aina hiyohiyo lakini iliyokolea zaidi, kwa developa ndogo, juu tu, isikae sana. Ncha ukate." Ndani ya nusu dakika alinihudumia kuliko bosi wake asubuhi nzima.

Ncha nimekata. Kwa fundi kinyozi wa mtaani, kijana asiye na maneno, na amenyoosha vizuri. Kutu ya juu bado ipo, nafunika kwa kilemba.

Sasa mnisikilize kuhusu kuishi nayo, maana hili hakuna anayekwambia dukani. Wekundu ni mkimbizi. Osho la kwanza, beseni lilikuwa limechinjiwa kuku. Foronya nyeupe nimezitoa. Kola ya blauzi ya kazini ikapata mstari wa pinki siku ya jua kali kwenye foleni ya Ubungo, jasho na rangi vikishuka pamoja. Kwetu tunatumia maji ya kisima yenye chumvi, nywele zinakakamaa na rangi inafifia mbele ya macho, hivyo naosha kwa maji ya bomba ninayoyakinga, ya baridi, kwa shampuu isiyo na salfeti, na si kila wiki. Mafuta ya nazi usiku. Imetulia. Wiki hizi imekuwa nzuri kuliko siku ya kwanza, imekolea kuelekea kahawia, na kwenye harusi ya binamu yangu wanawake watatu wasiojuana waliniuliza nimetengenezwa wapi.

Hapo ndipo nilipotaka kulainika. Nikajisemea basi, nimpe tatu kati ya tano, kwa haki, rangi si ametoa yeye? Bakuli si lake? Mmoja wa wale wanawake akaniomba jina la saluni. Nikafungua mdomo nimtajie, nikakumbuka vidole viwili vimeinua nywele zangu na vicheko nyuma yake, nikamwambia nimepaka mwenyewe.

Kwa hiyo: rangi, tano. Nyekundu nzito kwenye nywele nyeusi bila blichi inawezekana, asikudanganye mtu kwamba kipilipili haishiki. Saluni, moja, na hiyo moja ni ya binti wa foili. Namba yake ninayo. Jumapili hii anakuja nyumbani kurekebisha mashina, nauli na chakula juu yangu, na developa ya asilimia 6 nimeshainunua Kariakoo kwa mkono wangu mwenyewe.